Likizo ya wawili Ulaya: Mji ni wa miguu, gari ni la milimani

WAPO wanandoa ambao, baada ya kuweka akiba kwa miaka mingi, huamua kwamba likizo yao ya bara Ulaya haitakuwa ya kukaa hotelini na kurejea nyumbani na picha za minara pekee. Hutaka kuiona miji mashuhuri, na wakati huo huo hutaka kuamka alfajiri kando ya ziwa, chai ikichemka katika jiko lililo hatua mbili tu kutoka kitandani.

Chombo kinachowezesha hayo ni gari-nyumba, yaani gari lenye kitanda, jiko, jokofu, choo na tangi la maji. Huendeshwa kama matatu ya abiria 14, ingawa ni refu na la juu zaidi, na walio ndani yake hubeba nyumba yao kama kobe.

Kwa wenyeji wa Ulaya hilo ni jambo la kawaida. Kwa mgeni anayetoka Nairobi au Mombasa, lakini, safari ya kuchanganya miji na gari la aina hii ina mitego mingi. Mingi ya mitego hiyo, zikiwemo faini na ugomvi wa barabarani, huanzia katika kosa moja: kulipeleka gari-nyumba mahali palipoumbiwa miguu.

Mzunguko wa kusini mwa Ujerumani, Austria na kaskazini mwa Italia ni mfano mzuri. Mume na mke wenye likizo ya majuma mawili wanaweza kuanzia Munich, wateremke hadi Füssen, wavuke milima ya Alps kupitia Innsbruck na Brenner, wapite Bolzano na Ziwa Garda hadi Venice, kisha warudi kupitia Salzburg. Mwendo wote ni takriban kilomita 1,200, na gari hurudishwa pale pale lilipochukuliwa.

Hilo la kurudi pale pale si dogo. Kampuni nyingi za kukodisha humtoza pesa nyingi anayetaka kuliacha gari katika nchi nyingine, na nyingine hukataa katakata.

Kabla ya gari, hata hivyo, kuna viza. Mwenye pasipoti ya Kenya huhitaji viza ya Schengen, iliyopewa jina la kijiji cha Luxembourg ambako mkataba wa kuondoa ukaguzi mipakani ulitiwa saini mnamo Juni 14, 1985. Viza hiyo moja hufungua milango ya mataifa 29, na kwa ziara fupi siku za kukaa haziwezi kuzidi 90 katika kila kipindi cha siku 180. Uingereza na Ireland hazimo katika hesabu hiyo.

Ombi huwasilishwa kwa nchi ambako msafiri atakaa siku nyingi zaidi, wala si lazima iwe ile atakayotua kwanza. Ikiwa wawili hao watalala Ujerumani mara tano, Austria mara mbili na Italia mara saba, basi ombi lao ni la Italia, hata kama ndege itawashusha Munich. Wengi huteleza hapa. Ada ya ombi, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa kila mtu mzima, hairejeshwi ombi likikataliwa. Aidha, bima ya safari inayotakikana ni ile inayoweza kugharamia matibabu ya angalau euro 30,000.

Suala la malazi nalo linahitaji uangalifu. Anayelala hotelini huonyesha stakabadhi za hoteli. Anayelala ndani ya gari anafaa kuambatisha mkataba wa kukodi gari pamoja na nafasi alizolipia katika kambi za magari, usiku baada ya usiku. Maelezo matupu kwamba watu wawili watakuwa "njiani" kwa siku 11 ni rahisi kumtia afisa shaka. Isitoshe, tangu Oktoba 12, 2025 mipaka ya nje ya eneo hilo ilianza kutumia mfumo wa kielektroniki unaorekodi kuingia na kutoka kwa wageni, kwa hivyo anayezidisha siku hujulikana mara moja.

Leseni ya kawaida ya gari dogo, ile ya daraja la B, humruhusu dereva kuendesha gari lisilozidi kilo 3,500, na kampuni nyingi humtaka mgeni awe pia na kibali cha kimataifa cha udereva. Kipimo hicho cha kilo 3,500 ndicho kinachotawala karibu kila kitu katika safari ya gari-nyumba, nacho hujumlisha gari, watu, maji, gesi na kila sanduku lililo ndani.

Hesabu yake inashangaza. Gari la urefu wa mita saba aghalabu hukaribia kilo 3,000 likiwa tupu. Tangi la lita 100 za maji huongeza kilo 100. Watu wawili wazima huongeza 150. Ongeza masanduku mawili ya kilo 23 kila moja, mitungi ya gesi, matandiko, meza, viti, vyakula na baiskeli mbili, na nafasi iliyobaki ni finyu mno. Polisi wa Austria na Ujerumani huweza kulisimamisha gari na kulipima, na likizidi, mwenye kulipa ni dereva. Ndiyo maana wenye uzoefu husafiri na maji kidogo tu tangini, kisha hujaza wanapofika wanakolala.

Siku tatu za kwanza, mjini Munich, wawili hao hawahitaji gari hata kidogo. Wametoka kwenye ndege ya usiku, na gari lililoegeshwa bure huku likilipiwa zaidi ya euro 100 kwa siku, kama ilivyo katika msimu wa watalii wengi, ni hasara tupu. Isitoshe, sehemu ya katikati ya mji huo ni eneo lililotengwa ili kupunguza moshi, na huingiwa tu na magari yenye stika maalumu. Maegesho mengi yaliyofunikwa nayo yana kizuizi cha kimo cha mita mbili hivi, ilhali gari-nyumba hukaribia mita tatu.

Hoteli ndogo iliyo karibu na kituo cha treni inatosha. Kutoka hapo mtu hufika uwanja wa Marienplatz, ambako saa ya mnara wa jumba la manispaa huchezesha sanamu zake saa tano na saa sita mchana mbele ya umati ulioinua simu. Bustani ya Englischer Garten, iliyoanzishwa 1789, ni kubwa kiasi cha mtu kutembea asubuhi nzima bila kuimaliza.

Mkenya ana sababu yake ya kupanda treni ya chini ya ardhi hadi Olympiapark. Uwanja uliopo hapo, wenye paa la mfano wa hema la kioo, ndiko Kipchoge Keino aliposhinda dhahabu ya mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya 1972, na ndiko Charles Asati, Hezahiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang walipoinyakulia Kenya dhahabu ya mbio za kupokezana vijiti za mita 400 kwa wanaume wanne. Hakuna safari ya mabasi ya watalii inayomweleza mgeni hayo kwa kituo; inambidi aende akijua.

Wakati mwafaka ni nusu ya kwanza ya Septemba. Shule nyingi za Ulaya zimefunguliwa, joto la Italia limepungua, na theluji bado haijafika barabarani. Baada ya hapo sherehe ya Oktoberfest huanza, na bei ya vyumba mjini Munich hupaa.

Siku ya nne ndiyo ya kuchukua gari, kwa kawaida alasiri. Kampuni huzuia amana katika kadi ya benki, nayo inaweza kufika euro 1,000 au zaidi, kisha mfanyakazi huwapitisha wateja katika kila swichi na kila bomba. Saa hiyo moja ina thamani kuliko saa nyingine yoyote ya safari. Yafaa mmoja aulize maswali na mwenzake apige video kila upande wa gari, pamoja na paa na kioo cha mbele, kwa sababu mkwaruzo usiorekodiwa wakati wa kuchukua hudaiwa wakati wa kurudisha.

Kisha huja barabara yenyewe. Magari hupita upande wa kulia, na usukani uko kushoto. Dereva aliyezoea barabara za Kenya huona mkono wake ukitafuta gia mlangoni. Mzunguko wa barabara huzungukwa kinyume cha alivyozoea, na katika makutano yasiyo na alama yoyote nchini Ujerumani, gari linalotoka kulia ndilo lenye haki ya kupita kwanza. Mkia wa gari nao hupepea nje linapokata kona, hivyo kile kilichopitwa salama na mlango wa dereva huweza kugongwa na sehemu ya nyuma. Mke au mume aliyeketi kando si abiria wa kulala. Yeye ndiye jicho la kulia.

Kutoka Munich hadi vilima vya Allgäu ni mwendo wa saa mbili hivi. Ni sadfa njema kwamba huko ndiko nyumba ya magurudumu ya Wajerumani ilikozaliwa, tena kwa sababu ya wanandoa. Katika mji mdogo wa Isny, Arist Dethleffs alikuwa mtengenezaji wa mijeledi na fimbo za kutelezea thelujini, na biashara ilimpeleka mbali na nyumbani kwa muda mrefu. Mchumba wake, Fridel Edelmann, alikuwa mchoraji, naye hakutaka kuachwa. Mnamo 1931 Dethleffs aliunda kijumba cha kuvutwa na gari, ambamo wawili hao wangesafiri pamoja na mwanamke huyo angeweza kuchora. Kampuni yenye jina lake ingali inaunda magari-nyumba mjini humo.

Si mbali na hapo kuna kasri la Neuschwanstein, lililoanza kujengwa 1869 kwa amri ya Mfalme Ludwig II. Mfalme alifariki Juni 1886 kabla halijakamilika, na majuma machache baadaye likafunguliwa kwa watalii. Mnamo 2025 makasri ya mfalme huyo yalitiwa katika orodha ya turathi za ulimwengu ya UNESCO. Tiketi hukatwa kwa saa maalumu, na anayechelewa hupoteza zamu yake.

Ni hapa Allgäu ambapo wawili hujifunza kazi za nyumba yao. Gari-nyumba lina betri mbili, moja ya kuwashia injini na nyingine ya taa na pampu ya maji. Jokofu katika magari mengi hutumia umeme wa betri barabarani, umeme wa kawaida kambini na gesi pasipo na umeme. Maji ya kuoshea vyombo hukusanyika katika tangi lake chini ya sakafu. Choo nacho kina sanduku linalochomolewa kwa nje kila baada ya siku mbili au tatu na kumwagwa mahali maalumu. Kumwaga penginepo ni kinyume cha sheria, na pia ni aibu.

Hakuna kampuni ya utalii inayochapisha picha ya sanduku hilo, lakini ndilo linaloamua amani ya safari. Katika chumba cha mita chache za mraba, ambamo mmoja hawezi kuvaa koti bila mwenzake kusogea, kazi isiyogawanywa siku ya kwanza huwa kisa siku ya tatu. Anayeendesha asidhani kwamba usukani umemwondolea zamu ya kubeba sanduku.

Pa kulala pako pa aina mbili. Kuna kambi kamili, zenye bafu, mashine za kufulia na mapokezi. Na kuna maegesho ya manispaa yaliyotengewa magari-nyumba, ambayo Wajerumani huyaita Stellplatz, yenye maji na umeme kwa malipo madogo au bila malipo. Kuegesha popote na kulala ni jambo jingine. Ujerumani humvumilia dereva anayelala usiku mmoja ili apumzike kabla ya kuendelea na safari, mradi hakuna alama inayokataza. Kifungu cha 185 cha sheria ya barabara ya Italia nacho kinasema gari lililosimama kwa magurudumu yake tu, bila kumwaga kitu wala kuchukua nafasi zaidi ya ukubwa wake, limeegeshwa na halijapiga kambi. Kwa maneno mengine, pindi meza na viti vinapotolewa nje, maegesho yamegeuka kambi na faini inanukia.

Kutoka Füssen njia hupanda na kuteremka hadi Innsbruck. Austria hudai stika ya kutumia barabara zake kuu kwa magari yasiyozidi kilo 3,500. Yanayozidi hapo hufungwa kifaa cha kuhesabu kila kilomita. Barabara ya Brenner ina malipo yake ya pekee. Inapita juu ya daraja la Europabrücke, lililofunguliwa 1963 na lenye kimo cha mita 190 kutoka bondeni, kisha inavuka mpaka kwenye mwinuko wa karibu mita 1,370. Wakati wa kuteremka upande wa Italia, dereva wa gari zito hutumia gia ya chini na kuziachia breki zipoe.

Mjini Bolzano kuna makumbusho ambayo wanandoa wana kila sababu ya kuyatazama. Mnamo Septemba 19, 1991, mume na mke kutoka Ujerumani, Helmut na Erika Simon, walikuwa likizoni wakitembea milimani karibu na mpaka wa Austria na Italia, walipouona mwili wa mtu ukichomoza kwenye barafu. Ilidhaniwa ni mpanda milima aliyepotea miaka michache nyuma. Uchunguzi ulionyesha kwamba mtu huyo, aliyekuja kuitwa Ötzi, aliishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Leo amehifadhiwa katika chumba cha baridi, na mgeni humtazama kupitia kidirisha kidogo.

Ziwa Garda, ambalo ndilo kubwa zaidi nchini Italia, ni mahali pa kupumzika bila ratiba kwa siku mbili. Lakini karibu nalo uko mji wa Verona, wenye uwanja wa Kirumi wa karne ya kwanza ambamo michezo ya kuigiza kwa nyimbo imekuwa ikionyeshwa tangu 1913. Hapo ndipo wageni wengi huponzwa.

Miji ya Italia imezingira vitovu vyake vya kale kwa maeneo yenye kikomo cha magari, yaliyoandikwa herufi ZTL. Hakuna mlango wala askari. Kuna alama nyeupe yenye duara jekundu, na kamera inayosoma nambari ya gari. Mgeni anayefuata sauti ya simu huweza kuingia, kupotea, kutoka na kuingia tena. Dawa yake ni nyepesi: gari libaki kambini kando ya ziwa, na wawili wapande treni au basi.

Venice hauna ubishi huo, maana hauingiliki kwa gari. Mji huo uliojengwa juu ya visiwa zaidi ya 100 umeunganishwa na bara kwa reli tangu 1846 na kwa barabara tangu 1933, na barabara hiyo huishia kwenye lango la mji. Walio na gari-nyumba hulala kambini upande wa bara, kwa mfano Fusina, na kuvuka kwa mashua kila asubuhi. Wapo wanaoshawishika kukodi chumba mjini kwa usiku mmoja wa mahaba. Si vibaya, alimradi wajue kwamba usiku huo watalipia vitanda viwili vya watu wawili, kimoja kikiwa kimelazwa tupu katika maegesho.

Tangu Aprili 2024 manispaa imewahi kutoza ada ya kuingia kwa wageni wa siku moja katika siku maalumu zenye msongamano. Anayelala ndani ya mipaka ya manispaa huondolewa ada hiyo, ingawa hutakiwa kuonyesha uthibitisho. Wenyeji waliosalia katika visiwa vya mji wa kale hawafiki 50,000, na inaonekana wazi kwa anayetembea huko jioni: watalii wakishaondoka, vichochoro hubaki na sauti ya maji na mlango mmoja mmoja ukifungwa. Saa hizo za jioni zinashinda mchana wote. Anayekaa Fusina aangalie tu ratiba ya mashua ya mwisho.

Njia ya kurudi kupitia Villach hadi Salzburg ni ya karibu kilomita 430, ndiyo ndefu kuliko zote katika mzunguko huu, na huliwa na siku nzima. Salzburg, alikozaliwa Mozart mwaka wa 1756, huonekana vyema kwa basi kutoka kambi iliyo nje ya mji. Asubuhi ya mwisho wawili hao huamka mapema sana, kwani kampuni nyingi hutaka gari lirudishwe kabla ya adhuhuri, likiwa limefagiliwa, tangi la dizeli limejaa na sanduku la choo ni tupu. Gari la aina hii hunywa takriban lita 11 kwa kilomita 100, hivyo safari yote huwa imetumia kama lita 130.

Amana nayo yaweza kurudishwa siku hiyo hiyo au baada ya majuma kadhaa. Faini za kamera za Italia huchukua muda mrefu zaidi. Sheria ya nchi hiyo huwapa wenye mamlaka hadi siku 360 za kumjulisha mkosaji anayeishi ng'ambo, wakishapata jina lake kutoka kwa kampuni ya magari, ambayo nayo hukata ada yake kwenye kadi kwa kulitoa jina hilo. Picha za likizo huwa zimekwisha kutiwa fremu na kutundikwa ukutani, na huenda hata akiba ya safari nyingine imeanza kuwekwa, bahasha inapofika katika sanduku la posta.